Simu Ikiingia Maji, Hasara ni ya Nani?

Mvua za vuli ndizo tegemeo la mkulima wa Ukambani. Zinapoanza kunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba, mito iliyokuwa mchanga mtupu kwa miezi kadhaa hufurika kwa saa chache, na barabara za vumbi jekundu zinazotoka Kibwezi kuelekea bonde la mto Athi hugeuka tope. Msimu huo huwa ni wa mavuno pia kwa mafundi wa simu walio kando ya barabara kuu ya Mombasa. Simu zimeanguka mitoni, zimelowa mifukoni mwa waendeshaji wa bodaboda, zimetumbukia ndooni na, tusione haya kulisema, chooni. Kila mwenye simu humfikia fundi na sentensi ile ile: "Imeingia maji."

Kwa mwanafunzi wa isimu, sentensi hiyo fupi ina mengi ya kufundisha. Kitenzi "ingia" kina tabia ya pekee katika lugha yetu. Twasema unga umeingia wadudu, nyumba imeingia siafu, mtumbwi umeingia maji. Katika sentensi hizi aingiaye si yule atajwaye mwanzoni, ambaye kitenzi kinapatanishwa naye, bali ni yule atajwaye mwishoni. Wadudu ndio walioingia; unga umekaa pale pale ulipokuwa. Kwa hiyo "simu imeingia maji" haina maana sawa na "simu imeingia majini". Ya kwanza yatuambia kwamba maji yamepenya ndani ya simu. Ya pili yatuambia tu kwamba simu ilitumbukia, na yamkini ikaopolewa ikiwa nzima. Mtu akitaka kuondoa utata atasema simu imeingiwa na maji.

Huenda msomaji akaona kwamba hayo ni mambo ya darasani tu. La hasha. Ugomvi wote uliopo baina ya wanunuzi na wauzaji wa vyombo hivi, kutoka Kibwezi hadi Roma na Sydney, umesimama juu ya tofauti hiyo baina ya chombo kuingia majini na maji kuingia chomboni. Muuzaji husema, "Hii haiingii maji." Mnunuzi huelewa kwamba anaweza kuteka maji mtoni huku simu ikiwa mfukoni bila ya wasiwasi. Siku simu inapozimika, mnunuzi huirudisha dukani na kuambiwa kwamba dhamana, ambayo madukani huitwa waranti, haihusu hasara iletwayo na maji. Je, basi ile ahadi ya kwanza ilikuwa na maana gani?

Hebu tuitazame ahadi yenyewe. Kwenye sanduku la simu za bei ya juu aghalabu huandikwa herufi mbili, IP, zikifuatwa na tarakimu mbili. Alama hizi zimetokana na kanuni ya kimataifa iitwayo IEC 60529, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Tarakimu ya kwanza huhusu vitu vikavu kama vumbi na huanzia 0 hadi 6. Aliyepata 6 haingiwi na vumbi hata chembe. Tarakimu ya pili huhusu maji. Aliyepata 4 anastahimili matone yanayomrukia kutoka kila upande. Aliyepata 7 ametumbukizwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa muda wa dakika 30, akatoka salama. Aliyepata 8 amezamishwa kwa namna iliyo kali zaidi, lakini kina na muda huamuliwa na mtengenezaji mwenyewe. Hivyo simu mbili zenye alama ya IP68 si lazima ziwe zimepita katika mtihani mmoja. Walimu wataielewa hali hii upesi: ni kama mtahiniwa aliyeruhusiwa kujitungia swali la mwisho.

Lakini jambo kuu kuhusu mtihani huo ni maji yenyewe. Maji ya maabara ni maji baridi, safi, yaliyotulia, na chombo kinachotumbukizwa ni kipya. Kibwezi haina maji ya namna hiyo kwa wingi. Ni kweli kwamba kuna chemchemi nzuri zinazolishwa na mvua ya vilima vya Chyulu, Umani ikiwa miongoni mwazo, lakini si wote wanaozifikia. Visima virefu vingi vya ukanda huu hutoa maji yenye chumvi. Maji ya mtoni huja na mchanga na tope, na wakazi wa Thange hawajasahau jinsi mafuta ya bomba yalivyovuja mwaka 2015 na kuyachafua maji waliyoyategemea. Maji ya nyumbani nayo yana sabuni, chai, au uji wa mtoto. Hakuna hata moja kati ya haya lililomo katika alama ya IP.

Isitoshe, kinachozuia maji ndani ya simu ni gundi na mipira myembamba iliyozunguka kioo na matundu. Vitu hivi huzeeka. Simu ikianguka mara tano, hata kama kioo hakikupasuka, ganda laweza kuachana kidogo sana kiasi cha jicho kutoona, na maji yakaona. Na simu ikifunguliwa ili kubadilishiwa kioo au betri, ile gundi ya kiwandani imekatwa. Kuanzia siku hiyo tarakimu zilizoandikwa sandukuni si zake tena. Sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akimweleza mteja jambo hili, ingawa kioo ndicho kitu kinachobadilishwa kuliko vyote katika vibanda vya mafundi wetu.

Serikali za wengine zimeshaliona tatizo hili la maneno. Mwezi wa Novemba mwaka 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni ya Apple faini ya yuro milioni 10. Sababu moja ilikuwa kwamba matangazo yalisifu uwezo wa simu kustahimili maji bila ya kueleza wazi kwamba uwezo huo ulipimwa katika hali maalumu za maabara. Sababu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi: kampuni iliyojisifia hivyo ilikuwa papo hapo ikikataa kuzihudumia chini ya dhamana simu zilizoharibiwa na maji. Mwezi wa Juni mwaka 2022, mahakama ya Australia iliiamuru kampuni ya Samsung nchini humo kulipa dola za Australia milioni 14. Matangazo yake ya kati ya mwaka 2016 na 2018 yalionyesha simu zikitumiwa kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini, ilhali tundu la chaja laweza kuliwa na kutu simu ikitiwa umeme kabla ya kukauka. Faini hizi ni ndogo kwa makampuni makubwa kama hayo. Hata hivyo zimeweka msingi kwamba neno la tangazo ni ahadi, na ahadi ina mwenyewe.

Hapa inafaa nieleze kidogo kinachotokea maji yanapoingia, maana juu ya hili uvumi ni mwingi kuliko elimu. Maji matupu kabisa hayapitishi umeme vizuri. Kinachopitisha ni chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Maji yenye chumvi yakigusa sehemu mbili za saketi zilizo na nguvu tofauti za umeme, umeme hupita mahali pasipostahili, na shaba huanza kuliwa. Kutu hii ya umeme haihitaji siku nyingi. Saa chache zatosha ikiwa betri ingali imo ndani. Ndiyo maana simu iliyoopolewa majini ikawaka vizuri jioni hiyo huweza kuzimika wiki ya pili. Mwenyewe hudhani kwamba ni ugonjwa mwingine. Ni ule ule.

Basi jambo la kwanza ni kuizima simu, na kutoa betri ikiwa inatoka. La pili ni kutoitia kwenye chaja kwa hali yoyote ile, hata kama mwenyewe anasubiri simu ya mtoto aliye Mombasa. La tatu ni kuifuta, kuiacha wazi mahali penye upepo na kivuli, na kuifikisha kwa fundi mapema ili aifungue na kuisafisha saketi kwa spiriti na brashi laini. Tukiwa bado hapo, tuuzungumzie mchele. Imani kwamba mchele hunyonya maji yote ya simu imeenea duniani kote. Mchele haufiki ndani, haunyonyi zaidi ya hewa ya kawaida inavyokausha, na hauwezi kamwe kuondoa chumvi iliyobaki juu ya shaba. Kampuni ya Apple yenyewe, katika maelekezo yaliyozungumziwa sana mapema mwaka 2024, iliwashauri watu wasitie simu zao ndani ya mchele, kwa kuwa chembechembe zake huweza kuharibu simu. Katika eneo ambalo mchele hununuliwa kwa kilo dukani na chakula cha kila siku ni isyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kuupoteza mchele kwa simu ni hasara juu ya hasara.

Niliketi siku moja kwenye kibanda cha fundi pale Kibwezi nikisikiliza, kama ilivyo desturi ya watu wa fani yangu. Msamiati wa pale ulikuwa wa hospitali mtupu. Simu "imezimia", "inapumua kidogo", "imekufa kabisa", "imeamka". Mama mmoja alimwuliza fundi, "Itapona, fundi?" Fundi naye, kijana wa heshima, akajibu, "Mama, ungeileta jana ningekupa jibu zuri." Lugha hii si mapambo. Yaonyesha kwamba mtumiaji anakiona chombo kuwa kiumbe chenye siha isiyojulikana, ambacho hupona au kufa kwa kudra, wala si bidhaa iliyotengenezwa kwa kiwango fulani na mtu fulani anayeweza kuulizwa.

Kuhusu kuanguka, mambo ni yale yale. Simu zinazotangazwa kuwa ngumu huandikwa kwamba zimepita kipimo cha jeshi la Marekani kiitwacho MIL-STD-810. Katika mojawapo ya majaribio yake, chombo huangushwa mara 26 kutoka urefu wa sentimita 122 juu ya ubao uliowekwa juu ya saruji. Yasikika vyema. Lakini kanuni yaruhusu maanguko hayo 26 yagawanywe baina ya vyombo visivyozidi vitano. Chombo kimoja basi chaweza kuanguka mara tano au sita tu, kikapumzishwa, na kingine kikaendelea kuanguka kwa niaba yake. Sijui kama mtoto wa shule atakubali mkataba huo.

Wazee wetu wa simu walikuwa na adabu nyingine. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya 1100, iliyokusudiwa hasa nchi kama yetu. Vibonye vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi, mgongo wake haukuteleza mkononi, na kichwani ilikuwa na tochi. Ziliuzwa takriban milioni 250, wala haikuhitaji alama ya jeshi lolote. Wakenya waliipa simu ya namna hiyo jina la mulika mwizi, na Watanzania wakaiita kitochi. Ni jina lililotoka kwenye giza la vijiji wala halikutoka kwenye tangazo, nami nalithamini kuliko majina mengi yaliyobuniwa kwenye semina. (Neno "simu" lenyewe lilitoka katika Kiajemi, na maana yake ilikuwa waya. Waya umekwenda, jina limebaki.)

Sasa niwageukie walimu wenzangu, maana yote niliyoyasema yalinielekeza kwenye kabati moja la shule.

Mwaka 2013 serikali mpya iliingia madarakani ikiwa imeahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto wa Darasa la Kwanza. Baada ya mivutano ya zabuni, ahadi ilibadilika ikawa vishikwambi, navyo vikaanza kufika shuleni mwaka 2016. Vyuo vikuu viwili vya umma, Moi na Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, vilishiriki katika kuviunganisha pamoja na makampuni ya nje. Hatimaye vishikwambi zaidi ya milioni 1 viligawanywa katika shule za msingi zaidi ya 20,000, pamoja na vyombo vya walimu na projekta. Vilielezwa kuwa vyombo vigumu, vya kustahimili mishindo, vumbi na kumwagikiwa maji. Hilo lilikuwa wazo la busara. Mtoto wa miaka sita ataangusha, atamwaga, atakalia. Chombo kikaumbwa kwa ajili ya mikono hiyo.

Je, vishikwambi vile viliharibiwa na maji? Viliharibiwa na kuanguka? Baadhi, bila shaka. Vingine viliibwa. Lakini katika shule nyingi vilipatwa na jambo ambalo hakuna maabara iliyolipima: vilifungiwa. Shule ilitakiwa kuwa na chumba salama chenye vyuma madirishani kabla ya kuvipokea, na mwalimu mkuu akawa ndiye mwenye kuulizwa. Hakuna aliyemwambia kwa maandishi yaliyo wazi ni nani atakayelipa mtoto akikiangusha kishikwambi katikati ya somo. Mwalimu mwenye mshahara tunaoujua, akiambiwa kwamba chombo cha maelfu ya shilingi kimo chini ya ulinzi wake, atafanya nini? Atafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Atakifunga kwa kufuli mbili.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika sehemu za Kikumbulyu alinieleza hivi: "Daktari, kikivunjika darasani nitaandika barua. Kikifia kabatini hakuna anayeniandikia." Sijasikia uchambuzi wa sera ulio mfupi na mkali kuliko huo.

Na vyombo hivi hufia kabatini kweli. Betri ya lithiamu haipendi kukaa tupu. Ikiisha chaji na kuachwa miezi mingi, nguvu yake hushuka chini ya kiwango ambacho chaja huweza kuiamsha tena. Ikikaa katika joto la chumba kilichoezekwa mabati, uzee huja mbio zaidi, na joto la Kibwezi halihitaji kuelezwa. Betri inayowekwa kwa muda mrefu hupaswa kuachwa ikiwa na takriban nusu ya chaji, mahali penye ubaridi, na kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakurudi hadi tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa. Mtoto aliyeanza Darasa la Kwanza mwaka 2016 aliufanya mtihani wa KCPE wa mwaka 2023, ambao ulikuwa wa mwisho nchini. Wako waliomaliza shule ya msingi wakikijua kishikwambi kwa jina tu, ingawa katika jina hilo masikio yangu husikia sauti ya kitenzi "shika".

Linganisha na hili. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, serikali ilizindua ugawaji wa vifaa kwa wahudumu wa afya wa vijijini wapatao 100,000, nao wakapewa simu za kuwekea kumbukumbu za jamaa wanazozitembelea. Wahudumu hao, Makueni na Kitui kama kwingineko, hutembea na simu hizo katika mvua, huvuka nazo mitoni, huzitumia wakiwa na mtoto mgonjwa mkono wa pili. Simu hizo zimo katika hatari kubwa mno kuliko kishikwambi chochote cha kabatini. Lakini zinafanya kazi, kwa kuwa kazi yenyewe haiwezekani bila kuzitoa mfukoni. Nchini Tanzania, vishikwambi zaidi ya 200,000 vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya sensa kwisha. Vilikuwa vimeshapigwa jua na vumbi la nchi nzima kabla ya kufika mezani mwa mwalimu. Wazo hilo lanipendeza: chombo kilichotangulia kuchafuka hakiogopwi.

Nasema basi kwamba swali la vyombo hivi kustahimili maji na mishindo si la uhandisi peke yake. Ni swali la habari na la dhamana: nani anaambiwa nini, kwa lugha gani, na nani anabeba hasara. Mahali ambapo mtumiaji haambiwi ukweli, hutokea moja kati ya mawili. Ama ataamini kupita kiasi, kama yule aliyeambiwa simu haiingii maji, ama ataogopa kupita kiasi, kama mwalimu mwenye kabati. Wote wawili wamepoteza chombo.

Sheria tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu, pamoja na haki ya kufidiwa bidhaa yenye kasoro ikimletea hasara. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ilipitishwa mwaka 2012. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, ni vigumu kuelewa ni kwa nini kijitabu kilichomo ndani ya sanduku la simu linalouzwa Kibwezi huweza kuwa na lugha tisa, Kiswahili kisiwe mojawapo.

Ulaya wamekwenda mbele hatua moja. Tangu tarehe 20 Juni 2025, kila simu ya kisasa na kishikwambi kinachouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hupaswa kuwa na kibandiko kinachoonyesha, pamoja na matumizi ya umeme, daraja la kustahimili kuanguka kwa kurudiarudia, kuanzia A hadi E. Daraja la urahisi wa kutengenezwa. Idadi ya mara ambazo betri yaweza kutiwa chaji kabla ya kuchoka. Na ile alama ya IP. Simu nyingi zinazouzwa huko zatoka viwanda vile vile vinavyotuletea sisi. Kipimo kimeshafanywa na matokeo yapo. Kilichobaki ni kuyadai, na kuyaandika kwa lugha ambayo mama wa kibandani anaisoma.

Haitoshi kusema kwamba simu zetu ni za bei ya chini na kwa hiyo hazina la kuandikwa. Simu isiyopimwa majini inastahili zaidi kutangazwa kwamba haikupimwa. Mnunuzi wa simu ya mkopo, anayelipa kidogo kidogo kila siku, ndiye mwenye haja kubwa ya kujua hilo, kwa kuwa simu ikizimika mtoni, deni halizimiki. Tangu Oktoba 2023 tunacho kiwanda cha kuunganisha simu kule Athi River. Watengenezaji si watu wa mbali tena. Wapo kwenye barabara hii hii ya Mombasa, na mwakilishi wa kaunti au mbunge wa Kibwezi akienda Nairobi hupita karibu nao.

Kwa upande wa shule, lililo la lazima ni waraka mmoja wa Wizara ya Elimu, wenye kurasa zisizozidi mbili, utakaosema kwamba chombo kilichoharibika mikononi mwa mwanafunzi wakati wa somo ni gharama ya serikali, sawa na chaki iliyokwisha, na kwamba chombo kilichokaa muhula mzima bila kuwashwa ndicho kitakachomfanya mwalimu mkuu atakiwe maelezo. Wizi ni jambo jingine na una polisi wake. Nadhani waraka wa namna hiyo ungefungua makabati mengi kuliko semina kumi.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Maneno yapo, tena yana makali kuliko yale ya matangazo. Tuna "kuzuia", "kustahimili" na "kukinza", na kila moja lina kiwango chake. Tuna kulowa, kumwagikiwa, kutumbukia, kuzama na kupenyezwa, ambayo ni matukio matano tofauti, na mtengenezaji anaweza kusema waziwazi ni lipi kati yake amelipima. Sanduku la simu ya bei ya chini lingeandikwa hivi: "Simu hii haikupimwa majini. Ikilowa, izime, usiitie kwenye chaja, ifikishe kwa fundi siku hiyo hiyo. Dhamana haifidii hasara ya maji." La simu ya bei ya juu lingeandikwa: "Simu hii, ikiwa mpya na haijafunguliwa, ilikaa katika maji safi ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila ya kupenyezwa. Haikupimwa katika maji ya chumvi wala ya sabuni. Maji yakipenya chini ya masharti hayo katika mwaka wa kwanza, utapewa nyingine."

Sentensi ya mwisho ndiyo watakayoikataa, na mjadala uanzie hapo. Walimu wa Kiswahili wa sekondari za chini wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika matini kama hayo kwa vyombo vilivyomo shuleni mwao, wakianza na vile vya kabatini, baada ya kuvitoa, kuvitia chaji na kuhesabu ni vingapi vinavyowaka. Orodha ya hesabu hiyo, shule kwa shule, tangu Mtito Andei hadi Makindu, ingefaa kuletwa kwenye gazeti hili ichapishwe.